Barua ya Chuo Niliyosomewa na Ami Nassor

Kuna siku moja, mwanangu, ambayo nnaikumbuka mpaka harufu ya chakula chake. Ilikuwa mchana, mwezi wa tatu unamalizika, nyumbani kwetu Ruwi, huku nchi za Waarabu, ghorofa ya tatu. Tumekaa chini, sinia la wali katikati, nguru wa kukaanga juu yake, na mimi nnamkamulia Baba ndimu. Ami Nassor, mdogo wake Baba, akaingia kutoka ofisini. Akavua viatu, akanawa mikono, akakaa, akamega samaki, akatafuna. Kisha akasema, kama mtu anayesema leo mvua haitonyesha, "Wale watu wa chuo wamejibu. Hawakumtaka."

Mimi hakunitazama. Alimtazama Baba. Baba akaacha kula, akauliza, "Ndo basi?"

"Ndo basi. Sisi tuliwapa neno letu, wao wamelikataa. Aibu si yetu."

Akaomba pilipili. Mimi ndiye niliyempa pilipili.

Nilikuwa na miaka kumi na minane, wa kwanza kwa hesabu katika darasa langu miaka mitatu mfululizo, na tangu saa ile hapakuwa na chuo hata kimoja duniani kilichokuwa na jina langu. Sasa nnakaribia hamsini. Elimu yangu iliishia pale pale, thanawiya, skuli ya sekondari, kwa hivyo usinihukumu kwa mpangilio wa haya nnayoyaandika. Nnaandika kama nnavyosema. Lakini nimeamua kuandika kwa majina, kwa sababu sisi watu wa kwetu tunapenda kusema ilikuwa qadari, tukanyanyuka, tukaenda zetu. Qadari nnaiamini. Ila qadari haitii saini fomu. Fomu ile alitia saini mtu, na mtu huyo yuko hai, anakula, anasali, anauliza khabari za watoto.

Ngoja nirudi nyuma unifahamu.

Aliyenitia hamu ya chuo ni mwalimu wetu wa Kiingereza, Ustadha Ihsan, Msudani, mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo. Akisema nawe ilibidi umsogelee. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna vyuo Amerika ambavyo mtu anaomba akiwa bado yuko skuli, kabla hajafanya mtihani wa mwisho. Mimi nikadhani ananitania. Utamwombaje mtu kazi ya mpishi na hujapika? Lakini nikauliza, na nikaendelea kuuliza, mpaka akanipa vijitabu nikavisome mwenyewe.

Baba aliposikia alikubali kwa sharti moja. Kaka yangu mkubwa, Khalfan, alikuwa anaishi huko na mkewe. "Katika mji wa Khalfan, sawa," Baba akasema. "Mji mwengine wowote, sitaki kusikia." Basi mimi dunia yangu yote ya vyuo ilikuwa mji mmoja, na katika mji ule palikuwa na viwili vya kutajika. Kimoja kikubwa, kina jina, na wanaokataliwa ni wengi mno kuliko wanaochukuliwa. Cha pili kidogo, jina lake halijulikani huku, lakini hesabu wanafundisha vizuri, na Ustadha Ihsan alisema kwa alama zangu pale nafasi yangu ni kubwa.

Akanipangia safari nzima ubaoni, baada ya wenzangu kutoka. Kile kikubwa nikiombe kwanza, mwezi wa kumi na moja, kwa mlango wa mapema. Mlango huo una sharti: unaapa kwamba wakikuchukua unakwenda kwao na kwengine kote unajitoa. Majibu yanakuja katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Wakikataa, bado nina wiki mbili za kupeleka fomu kwa kile kidogo, kabla hakijafunga mwanzo wa mwaka.

Mimi jambo moja lilinikera. Nikamuuliza, "Chuo kikubwa namna hiyo kinataka kiapo cha mtoto wa Ruwi kwa nini?"

Ustadha Ihsan akafuta mikono chaki. "Kwa sababu na wao wanaogopa kukataliwa," akasema. "Wanataka kujua mapema nani atakuja kweli, ili mwisho wa mwaka wasibakiwe na viti vitupu."

Jibu lile lilinifurahisha wiki nzima. Nikawa nnatembea nnajiambia, kumbe nao wanaogopa.

Sasa, fomu ya kiapo ilitaka saini tatu: ya kwangu, ya skuli na ya mzazi. Baba Kiingereza hakukijua, na karatasi asiyoweza kuisoma hakuitia saini maisha yake yote. Akampa Ami Nassor.

Hapa lazima nikwambie Ami Nassor ni nani kwetu. Alifanya kazi wizarani, Kiingereza chake cha Unguja cha zamani, kizuri, na barua zetu zote za kizungu zilikuja kwa sanduku la posta la ofisi yake. Nyumbani hatukuwa na sanduku. Lakini zaidi ya hayo, yeye ndiye msemaji wa ukoo. Mtu akitaka kuposa, wazee wanakwenda, na Ami Nassor ndiye anayekaa mbele na kusema. Anajua aanze wapi, amtaje nani, anyamaze lini. Na anazijua sheria zake: ukishapeleka posa nyumba moja, ukaambiwa tupeni muda, unakaa na muda wako. Hugongi nyumba ya pili mpaka ya kwanza ijibu. Anayegonga anajulikana, na safari nyengine hata kahawa hapewi vizuri.

Basi siku ya kutia saini aliisoma ile fomu yote, akavua miwani, akasema, "Hii ni posa hii."

Mama akatoka jikoni. "Na mahari atatoa nani?"

"Safari hii bibi harusi ndiye anayeposa," Ami akasema. "Chuo kinaolewa."

"Basi mwambieni bwana harusi mwenyewe aje tumwone sura," Mama akasema, na Baba alicheka mpaka akakohoa. Tulicheka wote. Sikujua kwamba Ami Nassor peke yake ndiye hakuwa anatania.

Barua ilikuja mwezi wa kumi na mbili kama ilivyoahidiwa. Ikafika ofisini kwake, akaifungua, akaisoma, akaja jioni kwetu mikono mitupu. Akatuambia, "Hawakukubali na hawakukataa. Wamesema tungoje mpaka mwezi wa tatu, watamtazama tena pamoja na wengine."

Nikauliza, "Na kile chuo kidogo, Ami? Fomu ninayo, nimeshaijaza."

"Kile kiweke."

"Kinafunga baada ya wiki mbili."

"Zuwena," akasema, na aliponiita kwa jina langu kamili nilijua mazungumzo yameisha, "nimetia saini yangu. Wamesema tungoje. Unataka niende kugonga nyumba ya pili na wa kwanza hajajibu? Watatuonaje?"

Baba akatikisa kichwa. Alikuwa anamkubalia Ami, si mimi.

Asubuhi nikaenda kwa Ustadha Ihsan. Nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Barua umeiona?"

"Ami amesema tungoje."

"Sikukuuliza amesemaje. Nimekuuliza umeiona?"

Nikamwambia barua iko ofisini, kwenye faili la Ami. Akasema polepole, na mimi nimemsogelea ili nimsikie, "Wewe unanichosha kwa maswali tangu mwaka jana. Umeniuliza kwa nini wanataka kiapo, umeniuliza nani anasoma fomu, umeniuliza kama hao wanaozisoma wanalala. Leo imekuja karatasi ina jina lako juu yake, na hukuuliza kuiona. Nenda kaiombe."

Sikwenda. Hilo ndilo kosa langu, mwanangu, na nnaliweka hapa na jina langu kama ninavyoweka ya wengine. Niliona haya. Niliona kumwambia Ami Nassor nipe barua niisome ni kumwambia sikuamini. Wiki mbili zikapita na fomu ya chuo kidogo imo ndani ya mfuko wangu wa skuli, imejazwa, imekunjwa. Nikabaki na mlango mmoja, na huo ukafungwa mwezi wa tatu, wakati wa chakula cha mchana.

Baada ya hapo nilivunjika. Mtihani wa mwisho niliufanya kama mtu anayefua nguo za watu, na alama zikatoka za hivyo hivyo. Chuo cha hapa nyumbani wakati ule kilikuwa kimoja, na alama zile hazikunifikisha. Nikaolewa, nikazaa, mume akaenda zake, nikapata kazi ya mkahawa wa skuli, na hiyo ndiyo nifanyayo mpaka leo. Nawatengenezea mikate ya mayai watoto wanaojifunza hesabu nilizozijua. Silalamiki kazi. Watoto wa pale wananiita Mama Zuwena na wengine huniletea masuala yao ya hesabu dirishani, nikayatazama huku nnageuza mayai.

Miaka yote hiyo niliamini jambo moja: kwamba nilifungwa na kiapo. Kwamba sheria ya wale watu ndiyo ilivyo, na mimi nilikuwa na bahati mbaya.

Mwaka huu mtoto wa ndugu yangu Salim, Rayya, naye anaomba vyuo. Mtoto mkali, anasema haraka, anakula anatembea. Nilikwenda kwao nikamkuta ameweka kompyuta mezani na karatasi imejaa mistari. Hakuniuliza kitu. Mimi ndiye niliyevuta kiti.

"Hii mistari ya nini?"

"Vyuo, Shangazi. Hapa vya kufa mtu kuvipata, hapa vya katikati, hapa vile ambavyo nna hakika navyo."

"Na huu mlango wa mapema wenye kiapo bado upo?"

Akashangaa. "Wewe umejuaje?"

"Nijibu kwanza."

Basi akanieleza, na mimi nikauliza kama nilivyokuwa nikiuliza zamani, ile njaa ikarudi yenyewe. Kumbe siku hizi ipo milango ya mapema ya namna mbili, mmoja una kiapo na mmoja hauna. Rafiki zake wote wanaukimbilia wa kiapo kwa sababu wanaochukuliwa kule wanaonekana wengi zaidi.

"Ni wengi zaidi kweli?" nikauliza.

"Ndivyo wanavyoandika."

"Nani wanaopita mlango huo?"

Akafikiri. "Wanamichezo wanaotakiwa na chuo. Watoto wa waliosoma pale. Na watu waliojiandaa tangu zamani."

"Sasa wewe ni mwanamichezo?"

"Shangazi, mimi ngazi tu zinanishinda."

"Basi usihesabu nafasi ya mwanamichezo ukasema ni yako."

Akacheka, akaandika kitu kwenye karatasi yake. Akanambia pia kwamba mwenye kutegemea ufadhili aogope kiapo, kwa sababu wakikuchukua huna tena nafasi ya kulinganisha nani anakupa nini. Hilo nikaliona la maana, nikamwambia amwambie baba yake maneno hayo hayo.

Kisha nikauliza lile ambalo sikujua kwamba ndilo. "Na wakikwambia ungoje? Si ndiyo, si hapana. Unafanyaje miezi yote hiyo?"

"Naomba kwengine kote."

"Na kiapo?"

"Kinafunguka hapo hapo. Wakikuahirisha tu, uko huru."

"Nani kasema?"

"Wao wenyewe, Shangazi. Wanaandika kwenye barua."

Akanitafutia barua ya mwenzake wa mwaka jana aliyeahirishwa na chuo kile kile changu. Akanisomea kwa Kiswahili. Mstari wa kwanza, hatukuweza kuamua sasa. Mstari wa pili, tutakutazama tena. Mstari wa tatu, ahadi uliyotupa imeondoka, tunakuhimiza uombe vyuo vyengine. Nikamwambia asome tena. Akasoma. Nikamwambia nisogezee niuone huo mstari mwenyewe, nikauwekea kidole.

"Zamani nayo ilikuwa hivi?" nikauliza.

"Sijui. Nikuulizie?"

Akawaandikia wale watu wa chuo, pale pale, kwa adabu nzuri, akaweka na mwaka wangu. Nikadhani hawatomjibu mtoto. Walijibu baada ya siku tatu, mistari minne. Ndiyo, kanuni ilikuwa hiyo hiyo, na barua za wakati ule ziliiandika wazi.

Nilikaa na majibu yale wiki nzima. Unajua, mwanangu, hasira ilikuja baadaye. Kwanza nilitaka kujua tu. Alisoma akapitiwa? Alisoma akafahamu vyengine? Nikaendesha gari mpaka Qurayyat, nje ya mji, ambako Ami Nassor amehamia tangu alipostaafu, kwenye shamba lake la mitende. Amezeeka, lakini kichwa chake kizima. Nikamwamkia, "Shikamoo, Ami," akaniitikia marahaba, tukanywa kahawa, tukaulizana wagonjwa. Halafu nikamuuliza ile barua ya mwezi wa kumi na mbili.

Hakukana. Hilo nnamwandikia pia.

"Nilisoma," akasema. "Walisema tuko huru."

"Kwa nini hukutuambia?"

"Huru ya nini, Zuwena? Wao wameliondoa neno lao, sawa. La kwangu mimi nani kaliondoa? Nimetia saini, halafu nikatangatange na fomu nyengine mkononi?"

"Ilikuwa barua yangu, Ami."

"Ulikuwa mtoto."

"Nilikuwa na miaka kumi na minane. Ungenipa nikaisoma nikakutii, ningekuwa nimekutii kweli. Hukunipa hata hilo."

Akajimiminia kahawa. Akasema kwamba wakati ule alikuwa keshawaambia watu ofisini na msikitini kwamba binti wa kaka yake anakwenda chuo fulani, na kukitaja cha pili, kidogo, ingekuwa kama tumeshuka. Alisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kama anayenieleza bei ya samaki. Sikujua kama nnacheka au nnalia. Mimi nilikuwa nnadhani ni sheria ya Waamerika. Kumbe ilikuwa kuogopa maneno ya barza ya watu sita.

Nikamuuliza la mwisho. "Baba ulimwambia? Ule mstari wa tatu, Baba aliujua?"

Akatazama mitende. Akasema kahawa imepoa, akamwita mtumishi alete nyengine. Nikarudia. Akasema marehemu tumwache apumzike. Nikaondoka na swali langu.

Sasa nikuambie nnachokijua, mwanangu, uwe Rayya au mtoto mwengine yeyote, wewe unayekaa mbele ya kompyuta na mistari yako. Usiape kwa chuo mpaka uwe unakitaka usingizini na mchana, na baba yako awe amejua atalipa vipi. Mlango wa mapema ni mzuri kwa aliye tayari. Kwa asiye tayari unamharakisha tu kufika kwenye hapana. Kile chuo kidogo ambacho hakuna atakayekisifu harusini, kiombe, na ukiombe kwa moyo, kwa sababu huenda ndicho kitakachokufundisha. Fomu iliyojazwa ikibaki mfukoni ni karatasi. Wazee wako wasikilize, wapelekee kila barua, wasomee kwa sauti, waulize rai yao. Lakini uwe wewe wa kwanza kuisoma, mpaka mstari wa mwisho. Na mtu akikwambia "wamesema," mwombe umwone aliyesema. Kuuliza si utovu wa adabu. Mimi adabu yangu ilinikalisha nyuma ya dirisha la mkahawa.

Mola akufungulie mlango ulio wa kheri yako, mkubwa au mdogo, na akupe macho ya kuusoma mwandiko uliobandikwa juu yake. Akulinde na watu wanaokupenda wakakusemea.

Na wewe, Ami Nassor, nnajua utasomewa haya, maana Salim amekualika Ijumaa uje utoe rai juu ya chuo cha Rayya. Njoo, kiti chako kipo. Lakini kabla hujafungua mdomo juu ya mtoto huyu, utanijibu mbele yao wote. Baba aliposema "Ndo basi?" alikuwa anauliza kwa sababu hakuujua ule mstari wa tatu, au alikuwa anajua na wewe ukamnyamazisha? Miaka yote hii nimemkasirikia baba yangu kaburini kwa kule kutikisa kichwa siku tuliyoambiwa tungoje. Nambie kama nilimdhulumu.